MAZUNGUMZO YA JIONI: Wachumba wa Kina Cartwright

 Juma hili nimepata barua iliyonichekesha kwanza, halafu nikaacha kucheka. Imeandikwa na mama mmoja mjane, mkulima, wa kijiji kilicho mbali na barabara ya lami. Jina lake sitalitaja, wala la kijiji chake, kwa kuwa ameniomba hivyo, na tena mambo yenyewe ni ya nyumbani.

Aeleza ya kuwa yuko bwana mmoja jirani yake, mgane, mwenye wana watatu, wote wanaume, naye amemwomba waoane. Bwana huyo ni mtu wa heshima, ana ng'ombe wachache, halewi, hana deni dukani. Mama alikuwa amekaribia kukubali. Basi yule kijana wa kwanza, afanyaye kazi mjini, alipokuja likizo akaleta flashi iliyojaa picha za kauboi za zamani za Marekani, na nyumbani kwao wana televisheni ya sola. Jioni majirani wakaanza kukusanyika, wakubwa kwa wadogo. Picha zenyewe zaitwa Bonanza. Baba mgane mwenye wana watatu! Watu walicheka sana kuona jinsi mambo yalivyolingana. Lakini jioni ya tatu kijana wa pili akasema mbele ya watu wote, na mama huyu mwenyewe ameketi pale mkekani: "Mnaona? Nyumba ya wanaume namna hii mwanamke hakai. Akiingia tu, anakufa."

Watu wakacheka tena. Mama hakucheka. Sasa aniuliza: "Mzee, kwa nini katika hadithi hizi kila mwanamke apendwaye hufa? Ni mkosi wa hadithi tu, au kuna jambo wametaka tulijue?"

Mama, umeniuliza jambo ninalolijua kidogo, maana picha hizo nami nimezitazama mno, pengine kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Nitakujibu mbele ya wasomaji wote, kwa sababu naona kijana huyo wa pili hayuko peke yake.

Kwa wale wasiozijua, nieleze kidogo. Bonanza ni hadithi za mfululizo zilizoonyeshwa katika televisheni ya Marekani, katika stesheni za NBC, tangu tarehe 12 Septemba 1959 hata tarehe 16 Januari 1973. Hadithi 431 kwa jumla, kila moja ya saa nzima pamoja na matangazo ya biashara. Mzee wa nyumba aitwa Ben Cartwright, tajiri wa ng'ombe na mbao, mwenye ranchi kubwa iitwayo Ponderosa karibu na ziwa Tahoe, katika nchi ya Nevada, siku zile za wachimba fedha wa Virginia City. Mwanawe wa kwanza ni Adam, msomi na mtu wa fikira. Wa pili ni Hoss, jitu la nguvu lenye moyo laini kama wa mtoto. Wa tatu ni Joe, kitinda mimba, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kupenda. Jikoni yuko mpishi Mchina, Hop Sing, ambaye hutishia kuacha kazi kila mara chakula kinapopoa kwa kuwangoja. Wanaume watano katika nyumba moja, wala hamna sauti ya mwanamke.

Wana hao watatu kila mmoja ana mama yake. Mzee Ben alioa mara tatu, akafiwa mara tatu. Wa kwanza ni Elizabeth, binti wa nahodha wa pande za New England, wakati Ben alipokuwa bado baharia. Huyo alikufa kwa uzazi alipomzaa Adam. Wa pili ni Inger, binti wa Kiswidi, aliyemkubali Ben pamoja na mtoto wake mdogo na umaskini wake. Wakashika njia ya magharibi na msafara wa magari ya kukokotwa, akamzaa Hoss safarini, kisha akachomwa mshale katika mapigano, akafa. Wa tatu ni Marie wa New Orleans, naye alikuwa mjane kama wewe, mama. Huyo alifika Ponderosa, akamzaa Joe, akakaa miaka michache, halafu akaanguka na farasi. Habari za wake hao hatukuzipata mwanzoni. Zilionyeshwa baadaye, kila mke na hadithi yake, mwaka 1961, 1962 na 1963.

(Nikisimamisha mazungumzo kidogo: yule bibi aliyecheza Inger, mama yake Hoss, jina lake Inga Swenson, alizaliwa mwaka 1932. Dan Blocker aliyecheza Hoss alizaliwa mwaka 1928. Mama ni mdogo kwa mtoto kwa miaka minne! Na Lorne Greene, aliyecheza mzee Ben, alimpita mwanawe Adam kwa miaka kumi na mitatu tu. Mambo ya sinema hayo, msiyatilie maanani sana.)

Nao wana wakaurithi mkosi wa baba yao. Hadithi ya tatu tu tangu mwanzo, Septemba 1959, Hoss akampenda binti mmoja mgeni, Emily, mpole, mzuri wa tabia. Kumbe ni mgonjwa wa kifua kikuu, naye ajua ya kuwa siku zake zimehesabiwa. Mnamo Novemba mwaka huo huo, Joe akampenda Amy, binti wa jirani, na baba zao wana ugomvi wa mpaka. Ugomvi wa mpaka mnaujua, sihitaji kuwaeleza. Binti akauawa. Mfululizo haujamaliza hata miezi mitatu, na tayari makaburi mapya yameanza kuongezeka kando ya yale ya zamani! Tangu hapo, watazamaji wa Marekani wakajifunza: binti mwema akishuka katika gari la abiria pale Virginia City, na mmoja wa wana wa Cartwright akamvulia kofia, basi, mwombeeni. Wenyewe huko huiita laana ya kina Cartwright, kwa mzaha.

Adam yeye hakufiwa, alinyang'anywa. Mwaka 1964 alimchumbia mjane mmoja, Laura, mwenye binti mdogo. Akataka kumshangaza kwa kumjengea nyumba kwa siri. Kila siku atoweka, arudi amechoka, hasemi alikuwa wapi, na bibi abaki peke yake akingoja. Wakati huo amefika pale binamu yake Adam, jina lake Will, kijana mwenye maneno matamu na nafasi ya kuzungumza. Mwajua mwisho wake. Adam akaanguka kutoka juu ya ile nyumba, akaumia mgongo, akawekwa katika kiti cha magurudumu, na alipofahamu ya kuwa moyo wa Laura umekwisha hama, akamwachia binamu yake. Mimi hadithi hii yaniuma kuliko zile za vifo. Jamaa alikuwa akipiga misumari kwa ajili ya mwanamke, wakati mwanamke alikuwa akitaka mtu wa kula naye chakula cha jioni.

Lakini kuna jambo nyuma ya hadithi hiyo, nalo litatusaidia kujibu swali. Pernell Roberts, mchezaji wa Adam, alikuwa amechoka na kazi, ataka kuondoka. Watengenezaji wakafikiri: tumwoze, aondoke vizuri na mke wake. Ndipo ikaonekana ya kuwa mkataba wake haujakwisha na atakaa mpaka mwaka 1965. Basi ndoa ya nini tena? Ndoa ikavunjwa, bibi akapewa mwingine. Kilichomwondoa Laura ni karatasi ya mkataba, si laana wala si binamu.

Hapo ndipo penye siri yote, mama. Fikiri kazi yao ilivyokuwa. Mwaka mmoja walitengeneza hadithi zaidi ya thelathini, kila moja kwa muda wa kama juma moja. Mwanamke mgeni aliajiriwa kwa hadithi moja tu, akalipwa, akaenda zake. Juma lijalo wanaume wale wanne lazima wawe vile vile, mezani pale pale, ili mtu ambaye hakutazama juma lililopita asipotee njia. Hata nguo zao zilikuwa zile zile mwaka hata mwaka: Joe na koti lake la kijani, Hoss na kofia yake ndefu, Adam na nguo zake nyeusi. Si kwamba walikosa nguo. Ilikuwa hivyo ili kipande cha picha kilichopigwa zamani, cha farasi wakikimbia, kiweze kuunganishwa na hadithi mpya bila mtu kutambua. Sasa mtu ambaye hawezi kubadili koti, ataweza kubadili maisha kwa kuoa?

Na kulikuwa na fedha. Kampuni ya magari ya Chevrolet ilizilipia kwa miaka mingi, na wenye NBC wakati ule walikuwa RCA, waliouza televisheni za rangi, na Bonanza ilikuwa katika zile za kwanza kuonyeshwa kwa rangi tangu mwanzo wake. Kila Jumapili usiku familia za Marekani zilikaa kutazama nyumba ile ile. Kwa miaka mitatu mfululizo, tangu 1964 hata 1967, hapakuwa na mfululizo uliowapita kwa watazamaji. Nani atathubutu kugusa chungu kinachochemka vizuri hivyo? Mchumba alipendwa kwa saa moja, ili tulie kidogo, halafu akatolewa. Wangeweza kumsafirisha tu, na mara nyingine walifanya hivyo. Lakini binti akisafirishwa, mtazamaji atauliza: mbona kijana hakumfuata? Akiwa kaburini, hakuna aulizaye.

Mara moja tu waliacha mtoto wa nyumba aoe kweli kweli, na hadithi hiyo kila nikiitazama huzima televisheni nikatoka nje kidogo. Ilionyeshwa tarehe 12 Septemba 1972, miaka kumi na mitatu kamili tangu siku ya kwanza. Joe alimwoa Alice, dada wa kijana mcheza kamari. Wakajengewa nyumba, bibi akapata mimba. Wakaja wadai wa yule kaka, Joe hayupo nyumbani, wakamwua kaka, wakamwua na Alice, wakaichoma moto nyumba. Joe afika na baba yake akuta moto. Hadithi hiyo iliandikwa na Michael Landon mwenyewe, aliyecheza Joe, ndiye pia aliyeiongoza. Naye hakujiandikia yeye. Alimwandikia Hoss. Ilikuwa Hoss, yule jitu mwema aliyekosa mke miaka yote, ndiye aoe na kufiwa. Lakini Dan Blocker akafariki tarehe 13 Mei 1972, baada ya upasuaji, umri wake miaka 43. Basi harusi ya marehemu ikachezwa na mdogo wake. Ukiitazama hali unajua hayo, ile huzuni iliyomo usoni mwa mzee Ben si ya mchezo mtupu. Walikuwa na kiti kitupu mezani. Haukupita hata nusu mwaka mfululizo wenyewe ukakoma.

Mtu ataniambia: Mzee, hizo ni za Bonanza tu. Hapana. Miaka ile televisheni ya Marekani ilijaa kauboi. Mwaka 1959 zilikuwapo hadithi za namna hiyo zaidi ya ishirini na tano kwa wakati mmoja, na karibu zote zilikuwa na mwanaume asiye na mke katikati. Yuko Lucas McCain wa The Rifleman, iliyoonyeshwa tangu 1958 hata 1963, mgane aliyefiwa na mkewe kwa ndui, amlea mwanawe Mark peke yake. Akaletewa mwenye duka, bibi mwema, akazungumza naye misimu miwili, bibi akatoweka. Akaletewa mwenye hoteli. Hata mwisho hakuoa.

Na yuko Matt Dillon. Hapa nitakaa kidogo, msiharakishe.

Gunsmoke ilidumu miaka ishirini katika televisheni, tangu Septemba 1955 hata Machi 1975, hadithi 635, wala usisahau ya kuwa ilianza katika redio tangu mwaka 1952. Matt Dillon ni marshali, askari mkuu wa sheria katika mji wa Dodge City, Kansas. Mji huo ni wa kweli, ng'ombe wa Texas walifikishwa pale kupanda gari moshi. Bibi Kitty Russell ana kilabu cha pombe kiitwacho Long Branch. Kila jioni Matt huingia, Kitty humwekea kinywaji, wakae meza moja. Kila mtu mjini ajua. Daktari ajua, mlevi ajua, mtoto wa dukani ajua. Nao hawakuoana. Miaka kumi na tisa Amanda Blake alicheza sehemu ile, tena wengine walioandikwa pamoja naye walikwisha ondoka, na bado hawakuoana. Sababu ilisemwa mara nyingi ndani ya hadithi: mtu wa bunduki asioe, kwa kuwa mke wake ni mjane anayengoja tarehe. Kitty alimtibu vidonda, akakesha kitandani pake akiwa na risasi mwilini, akafunga mizigo aondoke asizione tena damu zake. Wala hapakuwa na kifo hapa cha kuwatenganisha. Walitenganishwa na juma lijalo.

Mwaka 1973 watengenezaji walifanya jambo la ajabu. Matt alipigwa risasi, akapoteza kumbukumbu, akaokotwa na mjane mmoja wa mashambani aitwaye Mike. Kwa kuwa hajui tena yeye ni nani, hajui ya kuwa ni marshali, basi akapenda kama mtu yeyote. Kumbukumbu iliporudi, akapanda farasi wake, akarudi kazini. Mmeona? Ili mtu huyu apende ilibidi kwanza asahau jina lake. Mwaka 1990, Gunsmoke yenyewe imekwisha zamani, ilitengenezwa picha ndefu ambamo Matt mzee aambiwa ya kuwa mjane yule alimzalia binti, naye miaka hiyo yote hakujua. Kitty naye aliondoka mwaka 1974, Dodge ikabaki na mwenye kilabu mwingine. Walikutanishwa tena katika picha ya mwaka 1987, nywele nyeupe, mambo mengi ya kusemwa. Hata hapo hawakufika harusini.

Sasa, je, ndivyo ilivyokuwa kweli huko magharibi ya Marekani? Kwa sehemu, ndiyo. Wanawake walikuwa wachache mno mwanzoni. Hesabu ya watu ya California ya mwaka 1850, wakati wa kukimbilia dhahabu, ilionyesha zaidi ya watu tisini katika mia ni wanaume. Uzazi uliua, kifua kikuu kiliua, ndui iliua. Mambo hayo bibi zetu hawangeshangaa kuyasikia. Ila ile mishale ya kwenye televisheni ipunguzeni. Wenyeji wa nchi ile, ambao watu huwaita Wahindi Wekundu, walikuwa wakinyang'anywa mashamba na mito yao, na waandishi wa hadithi waliwatumia kama watumiavyo ngurumo ya radi, kuua mtu pale wanapotaka afe. Wajane halisi wa nchi ile hawakukaa kaburini wala dirishani. Waliolewa tena, upesi, kwa sababu shamba halilimwi na mtu mmoja na mtoto hanyonyeshwi na farasi. Nyumba ya watoto wako, wangu na wetu ilikuwa jambo la kawaida kule, kama ilivyo kwetu.

Tena, mama, watengenezaji hao hao walithubutu mara moja kufanya kinyume. David Dortort, aliyeanzisha Bonanza, alianzisha mfululizo mwingine mwaka 1967, The High Chaparral, ulioonyeshwa hata 1971. Ni ranchi katika Arizona. Hadithi ya kwanza kabisa, mke wa mwenye ranchi, John Cannon, auawa kwa mshale. Mtazamaji akasema moyoni, haya, tumeanza tena. Lakini John akaoa! Tena hakuoa kwa mapenzi. Jirani yake wa upande wa Mexico, tajiri mkubwa, alitaka mapatano kati ya nyumba mbili, na mapatano yakafungwa kwa kumwoza binti yake, Victoria. Wazee walikaa, wakasemezana, mambo mnayoyajua. John alikuwa mtu mzima, mgumu kama gogo, na mwanawe kijana mwanzoni hakupendezwa hata kidogo kuona mwanamke mwingine nyumbani, kaburi la mama yake bado bichi. Victoria hakufa. Alikaa miaka yote minne. Walikosana, walipatana, alimfundisha yule mzee kula bila kugombana na watu, na kijana akamzoea. Wala mfululizo haukuharibika kwa kuwa na mwanamke mezani. Mimi naona ndio uliokuwa bora.

Nimewaeleza ya watengenezaji, na mkataba, na Chevrolet. Lakini si haki kuwatupia wao tu. Watazamaji nao waliitaka nyumba ya Ponderosa ibaki na wanaume wale wale wanne, na bibi arusi yeyote kwao alikuwa mwizi. Jambo hilo nalifahamu vizuri, nami sikulifahamu katika televisheni.

Mama yetu alifariki nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Tulikuwa watoto wanne. Miaka miwili baadaye alianza kuja nyumbani mjane mmoja wa kijiji cha pili, aliyekuwa akifinyanga vyungu. Alimletea baba karanga za mbegu, akakaa kizingitini wakazungumza, basi. Baba alikuwa akicheka siku zile, na sisi tulikuwa tumesahau kicheko chake. Hatukumpenda. Hatukuwa na sababu. Tulimsalimu kwa kuangalia chini, na tulipotaja jina lake tukasema "yule". Siku moja alituletea chungu kipya cha maji. Mimi, mkubwa wao, nilikiangusha mlangoni, na dada yangu aliona ya kuwa hakikuponyoka. Yeye mwenyewe aliona. Akaokota vigae pamoja nami, hakusema neno, na baada ya hapo hakuja tena. Baba hakutuuliza. Nyumba ikabaki kama tulivyotaka, sisi na yeye, vile vile.

Halafu tukakua, tukaondoka mmoja mmoja, kama watu waondokavyo. Baba alikaa peke yake miaka kumi na minane. Nikienda kumtembelea nilikuta sahani moja imeinamishwa juani, kikombe kimoja, na sufuria ndogo. Sikuwahi kumwomba radhi kwa ajili ya kile chungu. Tulipomzika, yule mama alikuja na mzigo wa kuni kichwani, kama wajavyo wanawake wote msibani, akautua nyuma ya jiko, akaketi na wenzake. Amezeeka. Nilikwenda kumsalimu kwa mikono miwili, nikamwita mama. Akaitikia. Alisema tu, "Baba yako alikuwa mchekeshaji sana," nami sikujua.

Basi, mama uliyeniandikia, hayo ndiyo niliyo nayo. Kama utaolewa au hutaolewa, si kazi ya gazeti. Zungumza na bwana huyo, na wazee wa pande zote mbili, na padre wenu, na ulize mambo ya mashamba na ya ada za shule mapema, mambo hayo yana hatari kuliko laana ya kina Cartwright. Ila ukienda kwao, usiwatazame vijana wale kama maadui. Yule wa pili aliyesema maneno mbele ya watu, ana umri gani? Hukuandika. Kama ana miaka kumi na miwili au kumi na minne, namjua.

Na mwambie akutafutie The High Chaparral katika ile flashi. Kama haimo, kaka yake atailetea Krismasi.